Kundi Moja Kubwa: Kufuga Tetra Kwenye Tangi Lenye Mimea

Tangi langu la kwanza la tetra, samaki wadogo wa mapambo, lilikuwa na neoni watatu, tetra emba wanne, pua nyekundu wawili, na wengine wawili ambao hata muuzaji hakujua jina lao. Nilijiona nimetengeneza bustani. Kumbe nilikuwa na samaki 11 waliojibanza nyuma ya hita, kila mmoja akitafuta wenzake ambao hawapo. Miezi miwili baadaye walibaki wanne. Maji nilikuwa nayapima na yalikuwa mazuri. Kilichokosewa ni hesabu.

Tetra haishi mmoja mmoja. Ukimnunua peke yake umenunua kipande cha mnyama, na kipande hakiishi vizuri. Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo: aina moja, kundi kubwa, mimea mingi, na subira ya wiki kadhaa kabla samaki hata mmoja hajaingia majini.

Jambo la lugha kwanza, maana limewachanganya wengi: tunaposema "samaki wa maji baridi" tunamaanisha maji yasiyo na chumvi. Tetra wa kitropiki huhitaji maji ya uvuguvugu. Usimwage barafu.

Hatua ya 1: Pima maji yako kabla ya kumpenda samaki

Wengi huanza kwa kupendezwa na samaki, kisha wakahangaika kuyageuza maji yamfuate. Anzia upande wa pili. Chota maji ya bomba, yaache kwenye ndoo usiku mmoja, kisha upime pH (kipimo cha utindikali) na ugumu (wingi wa madini). Vipimo vya dawa ya matone ni vya kuaminika kuliko vile vya karatasi, na chupa moja hudumu muda mrefu.

Tetra wengi wa Amerika Kusini wametoka kwenye mito ya misituni yenye maji laini na tindikali kiasi. pH ya kati ya 5.5 na 7, na ugumu wa digrii 1 hadi 10, ndipo hasa wanapojisikia nyumbani. Ikiwa maji yako ni magumu kidogo na pH ni 7.5, usikate tamaa. Neoni wengi wanaouzwa leo wamezaliwa na kukuzwa kwenye mabwawa na matangi ya wafugaji, wala hawajawahi kuuona Amazon, na huvumilia mengi. Kadinali, ndugu wa karibu wa neoni, akiwa amevuliwa mtoni ana masharti zaidi.

Kitu ambacho samaki hawavumilii ni kuyumbishwa. Dawa za kushusha pH hushusha leo na kesho inapanda tena, na huko kupanda na kushuka huumiza kuliko pH ya 7.5 iliyotulia. Ukitaka maji laini zaidi, changanya maji ya bomba na maji ya mvua yaliyokingwa sehemu safi, baada ya mvua ya mwanzo kusafisha paa. Usitumie maji ya mvua matupu: hayana madini ya kuizuia pH isiporomoke. Anza na robo, pima, halafu uamue.

Hatua ya 2: Chagua aina

Neoni (Paracheirodon innesi) ndiye maarufu kuliko wote. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1936, na tangu hapo hajatoka kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Hukua sentimita 3 hadi 4. Ana mstari wa buluu unaong'aa, na chini yake wekundu unaoanzia katikati ya mwili kwenda mkiani. Kadinali (Paracheirodon axelrodi), aliyeelezwa mwaka 1956, hufanana naye sana, ila wekundu wake unatoka kichwani hadi mkiani. Hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia dukani, maana wauzaji huwachanganya, wengine kwa bahati mbaya. Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho: neoni hupenda maji ya nyuzi 21 hadi 25, kadinali huanzia 24 hadi 28. Ukikaa sehemu ya joto ambapo tangi halishuki chini ya nyuzi 27, chukua kadinali.

Tetra emba (Hyphessobrycon amandae) ana rangi ya kaa la moto na urefu wa sentimita 2 tu. Kama una tangi dogo la lita 40, huyu ndiye wako. Ni mpole mno, na ukimweka na samaki wenye pupa atalala njaa.

Pua nyekundu (Petitella bleheri) ndiye anayeogelea kwa pamoja kuliko tetra wote ninaowajua. Wakigeuka wanageuka kama kitambaa kimoja kilichopeperushwa. Pua yake ni kipimo cha bure pia. Maji yakiharibika au akishtuka, wekundu unapauka ndani ya muda mfupi. Tatizo lake ni kwamba anahitaji nafasi ya kuogelea, kwa hiyo tangi liwe na urefu wa sentimita 80 au zaidi. Hastahimili makosa ya mgeni. Mwache awe kundi lako la pili, mwakani.

Mwafrika katika familia hii pana ni tetra wa Kongo (Phenacogrammus interruptus), kutoka bonde la mto Kongo. Dume hufika sentimita 8, magamba yake yanabadilika rangi kadiri mwanga unavyompiga, na mapezi yake yana nyuzinyuzi za kupendeza. Kitaalamu amewekwa kwenye familia ya Alestidae, mbali kidogo na wale wa Amerika, lakini tabia ni zilezile: mpole, mwoga, wa kundi. Anataka tangi la sentimita 120. Kama unayo nafasi hiyo, mimi ningemchagua yeye kuliko neoni.

Si kila tetra ni mpole. Hyphessobrycon eques, yule mwekundu mwenye alama nyeusi nyuma ya shavu, hung'ata mapezi ya wenzake. Gymnocorymbus ternetzi, mweusi mwenye umbo la pembetatu, naye ana mchezo huo akiwa kwenye kundi dogo. Ukimwona Gymnocorymbus wa waridi au wa zambarau inayowaka, uliza rangi hiyo imetoka wapi. Wapo wanaopakwa au kudungwa rangi, na rangi hiyo hupotea huku samaki akibaki na madhara. Tetra wa Buenos Aires (Psalidodon anisitsi) atakula mimea yako yote. Nimesema yote.

Idadi: 6 ni kiwango cha chini kabisa cha vitabuni, na mimi nakiona kidogo. Anza na 10, na tangi likiruhusu nenda 15. Samaki mdogo porini hujikinga kwa wingi, kwa kuwa adui anayekimbilia kundi hushindwa kumlenga mmoja. Ndani ya tangi hakuna adui, lakini samaki hajui hilo. Akiwa na wenzake wachache anajiona yu wazi, anajificha, anapauka, hali. Na ugomvi mdogo wa kila siku, ambao kwenye kundi la 12 unagawanyika hadi hauonekani, kwenye kundi la watatu humwangukia mnyonge mmoja.

Hatua ya 3: Tangi na vifaa

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 hubeba takribani lita 65, na linatosha neoni 10 hadi 12. La sentimita 80 kwa 35 kwa 40, yaani lita 112, ni rahisi zaidi kulitunza, kwa sababu kosa dogo linayeyuka kwenye maji mengi. Angalia urefu kuliko kimo: tetra huogelea kwenda mbele, si kwenda juu. Kila lita ina uzito wa kilo moja, na juu yake kuna kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo meza iwe imara na sawasawa pande zote. Weka mfuniko. Tetra aliyeshtuka huruka.

Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi, hakimezi samaki wadogo, na kwa tangi la chini ya lita 70 sikuoni ukihitaji zaidi. Kwa tangi kubwa tumia cha kuning'iniza au cha nje chenye uwezo wa kuzungusha maji yote mara 4 hadi 5 kwa saa, na uelekeze mkondo kwenye kioo ili usiwasukume samaki kutwa nzima.

Hita ya wati moja kwa kila lita inatosha. Izime kabla ya kupunguza maji, maana ikibaki hewani ikiwaka hupasuka. Nunua na kipimajoto cha pembeni. Namba iliyoandikwa kwenye hita ni ahadi tu. Na nyaya zote ziachie zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Hatua ya 4: Panda, panda sana

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako. Mimea si pambo kwa tetra. Ni pazia, ni choo, na ni kivuli. Hunyonya moja kwa moja amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, humpa mnyonge pahali pa kupumzikia, na juu ya kijani kibichi rangi za samaki hukolea kwa namna ambayo hakuna taa inayoweza kuiiga. Neoni huyohuyo juu ya changarawe nyeupe huonekana kama ameoshwa kwa jiki.

Tandaza mchanga au changarawe nyeusi au ya kahawia ya milimita 1 hadi 3, kina cha sentimita 5 mbele na 7 nyuma. Ioshe hadi maji yatoke bila tope. Weka gogo au kisiki kilicholoweshwa siku kadhaa hadi kizame chenyewe. Kikitoa maji ya rangi ya chai, usiogope.

Kisha mimea. Kwa anayeanza, ninashauri isiyodai mengi:

- Anubias na kangaga la Java (Java fern) hufungwa kwenye gogo kwa uzi. Shina lao nene linalotambaa lisifukiwe mchangani, litaoza. Hili ndilo kosa linaloua mimea hii kuliko yote.
- Cryptocoryne hupandwa mchangani, na chini yake unachomeka kidonge cha mbolea ya mizizi. Wiki ya kwanza inaweza kuyeyuka majani yote ikabaki kama mlenda. Usiing'oe! Mizizi iko hai, majani mapya yanakuja.
- Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ni ya ukuta wa nyuma.
- Hygrophila hukua haraka, na kukua haraka ndiko tunakokutaka mwanzoni, kwa sababu inaunyima chakula mwani, ule ute wa kijani unaotanda kwenye kioo.
- Mimea ya kuelea, kama Salvinia, huleta kivuli. Tetra waliotoka kwenye mito iliyofunikwa na msitu hawapendi mwanga mkali wa utosini. Wekea kivuli theluthi moja ya uso wa maji uone watakavyotoka maficho.

Panda nyuma na pembeni, uache uwanja wazi katikati na mbele. Samaki wa kundi anahitaji vitu viwili vinavyoonekana kupingana: mahali pa kujificha na mahali pa kuogelea. Kadiri maficho yalivyo mengi, ndivyo anavyoyatumia kidogo.

Taa iwake saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha saa 8. Taima ya soketi itakukumbushia. Anayeacha taa ikiwaka kutwa hulima mwani.

Ukipata majani makavu ya mti wa mkungu yaliyodondoka yenyewe mahali pasipopigwa dawa, yaoshe na uweke jani moja kwa kila lita 40 au 50. Yanazama baada ya siku chache na kuyapa maji rangi ya chai nyepesi. Rio Negro ya Brazili, mto wenye kadinali wengi ambao mji wa Barcelos umejulikana kwa kuwavua, ina maji ya rangi ya namna hiyo. Jina lake lenyewe kwa Kireno ni Mto Mweusi. Wasiopenda maji ya rangi waache tu, samaki hawatafa.

Hatua ya 5: Komaza tangi bila samaki

Sehemu hii haina uzuri wowote wa kupiga picha, na ndiyo inayorukwa.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huila. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Ukiweka samaki siku ya kwanza, wanaogelea kwenye choo chao.

Jaza maji, ondoa klorini, washa kichujio na hita. Kuhusu klorini: kuacha maji wazi kwa saa 24 huiondoa, lakini mamlaka nyingi za maji siku hizi hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa. Dawa ya kutibu maji inamaliza shaka.

Sasa weka chanzo cha amonia. Amonia isiyo na manukato wala sabuni, hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, ndiyo njia safi. Ukiikosa, tupia chakula cha samaki kidogo kila siku kioze. Pima kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona amonia ikikaa, kisha ianze kushuka huku nitriti ikipanda. Halafu nitriti itasimama juu kwa muda unaochosha, na siku moja itaanguka. Ukiweza kuweka amonia ya miligramu 2 na kesho yake ukapima amonia 0 na nitriti 0, tangi limekomaa. Kwa kawaida ni wiki 3 hadi 6. Badilisha nusu ya maji ili nitrati ishuke, uko tayari.

Mwenzako mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa akikupa kipande cha sponji yake, muda huo unapungua sana. Hakuna zawadi bora kwa mfugaji mpya kuliko uchafu huo wa kahawia.

Hatua ya 6: Kununua na karantini

Dukani, usinyooshe kidole mara moja. Simama mbele ya tangi dakika 10. Unatafuta samaki wanaoogelea pamoja, mapezi yamekunjuka, matumbo hayajabonyea. Anayejitenga peke yake pembeni, mwenye mgongo uliopinda, au mwenye doa lililopauka katikati ya rangi yake, ni sababu ya kutonunua hata yule mzima aliye jirani naye, kwa sababu wanaishi kwenye maji yaleyale. Ukiona maiti ndani ya tangi, nenda nyumbani. Uliza walifika lini. Walioshushwa jana bado hawajaonyesha walichobeba. Omba walishwe mbele yako. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Nunua kundi zima kwa mara moja ikiwezekana. Ukinunua wanne leo na wanne mwezi ujao, umefungua mlango wa magonjwa mara mbili.

Waweke kwanza kwenye tangi dogo la lita 20 au 30 lenye sponji iliyokomaa, hita, na mmea au vipande vya bomba la plastiki vya kujificha. Wakae wiki 3 hadi 4. Najua, unataka kuwaona kwenye bustani yako. Mimi niliwahi kuruka hatua hii kwa ajili ya neoni sita tu wa kuongezea, na nilizika wale kumi wa zamani. Wavu wa karantini usiingie kwenye tangi kubwa.

Hatua ya 7: Kuwaingiza majini

Zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha fungua, na kila dakika 5 ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi, kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Wavue kwa wavu. Maji ya dukani yamwage nje.

Kama samaki wamesafiri kwenye mfuko kwa saa nyingi sana, fupisha. Ndani ya mfuko uliofungwa kunakuwa na amonia nyingi, lakini hewa ya kaboni dayoksaidi huishusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kuwa kali. Hapo linganisha joto tu, kisha wavue haraka.

Usiwape chakula siku hiyo. Taa ibaki imezimwa hadi kesho.

Hatua ya 8: Chakula

Mdomo wa tetra ni mdogo. Kanuni yangu: chembe isizidi ukubwa wa jicho lake. Saga chakula cha chengachenga kati ya vidole, au tumia chembe ndogo zinazozama polepole, kwa sababu tetra huokota kilichoning'inia katikati ya maji na hupuuza kilichofika chini. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Mara mbili au tatu kwa wiki wape artemia au dafnia, vijidudu wa majini, hai au wa kugandishwa, rangi zao zitakuambia asante. Siku moja kwa wiki wafunge. Hawatakufa njaa, na maji yatapumua.

Hatua ya 9: Kazi ya kila wiki

Badilisha robo ya maji. Kwa tangi la lita 100 hiyo ni lita 25, ndoo mbili na nusu za lita 10. Maji mapya yawe yametibiwa na joto lake lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi moja au mbili. Fyonza uchafu kwa mpira kwenye sehemu zisizo na mimea. Penye mizizi pita juujuu tu. Sponji ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, la sivyo klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki sita. Kata mashina ya Hygrophila yaliyofika juu uyapande tena. Nitrati ikizidi miligramu 40 kwa lita, unalisha kupita kiasi au unabadilisha maji kidogo mno.

Majirani

Corydoras sita wa chini, otocinclus wa kulamba mwani (tangi likiwa limeshatimiza miezi kadhaa, si kabla), gurami wa asali (honey gourami) wawili, kamba wadogo wa Neocaridina. Watoto wa kamba wataliwa baadhi. Mimea minene itaokoa wengine. Epuka samaki malaika aliyekua, kwa sababu neoni humwingia mdomoni bila shida na porini samaki wadogo ni chakula chake. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi zaidi na atakula mimea. Sikilidi wakubwa (jamaa wa samaki malaika), hapana.

Wapo wanaoshauri kuweka samaki mmoja wa kuwatisha tetra ili waogelee wamebanana, wapendeze. Usifanye hivyo. Kundi la tetra wasio na hofu hulegea: huyu anadonoa jani, yule anamtunishia mwenzake mapezi, wengine wanazurura. Wakijikusanya ghafla wakawa kama ngumi, wameona kitu. Kubanana kwa dakika moja ni kawaida. Kubanana kutwa ni woga, na woga wa kudumu hudhoofisha kinga ya mwili.

Wakiugua

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni kazi ya kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Dawa haimpati akiwa ndani ya ngozi, humpata akiogelea kutafuta samaki mwingine, ndiyo maana matibabu huendelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ongeza hewa, na ukitumia dawa, tetra wape nusu ya kipimo cha chupa isipokuwa maelezo yametaja tetra waziwazi. Dawa zenye shaba huua kamba.

Ugonjwa wa neoni ni kitu kingine. Husababishwa na kimelea Pleistophora hyphessobryconis kinachojenga ndani ya misuli. Rangi hupauka kwa mabaka, nyama huonekana nyeupe, samaki hujitenga na kundi hasa usiku, baadaye mgongo hupinda. Hauna tiba inayojulikana. Huenea samaki wazima wanapomla mgonjwa au maiti yake, kwa hiyo mtoe mapema, na maiti isilale ndani ya tangi hata usiku mmoja. Kumpumzisha milele mgonjwa kwa upole, mweke kwenye bakuli la maji ya tangi, tikisa matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye chupa ya maji uyamimine polepole hadi alale, kisha ongeza mengine na umwache dakika 10 au zaidi baada ya mashavu kuacha kutikisika. Kuna ugonjwa wa bakteria unaofanana na huu kwa mabaka, nao huua kwa siku chache badala ya wiki. Huo unaweza kutibiwa kwa dawa ya bakteria ukiwahi.

Wengi pia huniuliza kuhusu kuzalisha. Inawezekana, lakini neoni wanataka tangi la pekee, maji laini mno yenye pH ya 5 hadi 6, na giza, kwa sababu mayai huharibika kwa mwanga. Wazazi hula mayai. Mayai huanguliwa kwa takribani siku moja, na vifaranga huhitaji chakula kisichoonekana kwa macho. Hiyo ni kazi ya mwaka wako wa tatu.

Jambo moja la kukuepusha na hofu ya asubuhi. Siku ya kwanza utakapowasha taa mapema utawakuta neoni wako wamepauka, buluu imekuwa kijivu, wekundu umefifia, wote wametawanyika wakining'inia katikati ya mimea. Utadhani wamekufa wima. Neoni huzima rangi zake gizani. Vuta kiti, usiwape chakula bado, ngoja dakika 10 au 20, na utumie muda huo kuwahesabu wanapowaka tena mmoja mmoja.